Gunia Mlangoni mwa Sanduku

Mama Kerubo tulimzika kwenye mvua, ile mvua ya kwetu isiyompa mtu hata nafasi ya kujifanya analia. Nilikuwa nimeketi upande wa sufuria, mahali ambapo mtu wa aina yangu huketi katika kila mazishi, na mchungaji alipofika pale pa kusoma maisha ya marehemu akasema kwamba mama huyu alimtunza mumewe mgonjwa miaka mingi bila kunung'unika, kisha akaendelea na habari za kwaya. Mgonjwa. Neno moja tu, kama kwamba mzee alikuwa na malaria. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka, lakini waliofanya kazi nasi kiwandani wengi wako chini ya udongo huo huo, na vijana walikuwa wakihesabu vipande vya nyama kwa macho. Basi niseme mimi. Mumewe, Mzee Ombasa, aliingia ndani ya sanduku la mabati Jumapili moja akiwa mtu mzima mwenye sauti nzito kama ngoma, akatolewa akiwa ni pumzi tu. Na aliyekuwa amesimama nje ya sanduku hilo, mgongo ameuelekeza mlangoni kwa adabu zote alizofundishwa, ni huyu anayewaandikia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka ambao mafuta yalipanda bei na kila mtu mwenye injini akaanza kuongea peke yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kutosha kunifanya nijione, lakini yasiyotosha kuitwa popote. Wenzangu walifunga masanduku yao ya mbao wakaenda Nairobi. Mimi mji wa Keroka, pale jirani, ulinitosha kuwa ng'ambo. Nilikuwa mtu ambaye akilala nje ya nyumba yao usiku mmoja anaamka amekonda, na kwa bahati, ambayo wakati huo niliiita bahati, kiwanda cha chai kilikuwa kimejengwa mbele kidogo ya Ikonge, mahali ambapo ningesimama mlangoni nikaona moshi wa jiko la mama ukipenya migombani. Niliandikwa kazi sehemu ya upepo. Mama alifurahi kwa sababu nimepata kazi, nami nilifurahi kwa sababu chakula cha mchana kingeendelea kuwa chake.

Asiyejua kiwanda cha chai hudhani kazi iko kwenye majani. Majani ni mepesi. Kazi ni upepo. Majani mabichi yakitoka shambani hulazwa darini kwenye vihori virefu vyenye sakafu ya wavu, na chini ya wavu feni husukuma hewa vuguvugu mpaka majani yalegee kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Sasa, kihori kilicho karibu na feni kina ulafi, kinanyakua upepo wote. Majani yake yanakauka mpaka yanalia yakishikwa, huku yale ya kihori cha mwisho yamekaa na umande wake yakianza kunuka uchachu. Kila kihori kilikuwa na kilango chake cha upepo, na kazi yangu ilikuwa kukibana kidogo cha wa kwanza ili wa pili apate, kisha kumbana wa pili ili wa tatu apate, na nikifika mwisho nikirudi mwanzo nakuta wa kwanza amebadilika tena kwa sababu ya yale niliyowafanyia wenzake. Nilikuwa nimefunga uzi mwekundu wa kushonea kwenye kila kilango, uzi wa mama, nione upepo unavyoulaza. Magokoro Moraa, bibi kizee aliyetandaza majani pale darini, alikuwa wa rika la nyanya yangu, na kwetu nyanya ana ruhusa ya kumtania mjukuu atakavyo. Aliniita mume wangu mbele ya wanawake wote. Alisema hiyo kazi ya kugawa upepo ni ya mzee mwenye wake wanne, anayejua kugawa nyama bila sufuria kurushwa, na kwamba kumpa kijana anayelala kwa mamake ni kuharibu chai ya serikali.

Chini ya dari kulikuwa na chumba cha feni, na hicho ndicho chumba ninachokikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kilikuwa na benchi moja, mkebe wa grisi, mikanda ya akiba iliyoning'inia kama nyoka waliochoka, na dirisha ambalo vumbi la chai lilikuwa limelipaka rangi ya uji wa wimbi. Tulikula hapo mimi na Mzee Ombasa, mwenzangu wa sehemu ya upepo. Mama yangu aliniwekea ugali wa wimbi na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukaisha. Mama Kerubo alimwekea yeye ndizi za kuchemsha na maharagwe. Tulikuwa tukibadilishana nusu kwa nusu, kila mtu akiamini amemwonea mwenzake. Feni zikizimwa kwa ajili ya kutia grisi, mabomba ya upepo yaliteremsha mazungumzo ya darini hadi kwenye benchi letu, wazi kama redio. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba nina miguu ya korongo, kwamba Fomu Foo, ndivyo walivyoniita, amesoma vitabu vyote isipokuwa kile cha kutongoza, na kwamba binti fulani wa Nyaramba alikuwa ameniulizia na Magokoro Moraa akamjibu asubiri, huyo bado ananyonya. Mambo kama hayo yakiteremka, Mzee Ombasa aliinuka akaenda kukagua mkanda ambao hauna shida. Hakuweza kuyasikia akiwa nami. Alikuwa ametahiriwa msimu mmoja na baba yangu, kwa hiyo yeye kwangu alikuwa Tata, yaani baba, nami kwake mwana. Kati ya baba na mwana kuna kitu tunachokiita ensoni. Tafsiri yake ni haya, lakini haya ni neno dogo. Ensoni ni ukuta. Humtanii, hukai kitandani kwake, huongei habari za wanawake mbele yake, na zaidi ya yote, hamwonani uchi, hata kwa bahati mbaya. Atakayemwona babake hivyo amejiletea jambo ambalo kondoo mmoja hatoshi kulisafisha.

Sanduku lililetwa na meneja. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mwenye Kiswahili kilichonyooka na viatu visivyopata tope, na mafuta yalipopanda alikuwa ameona kitu ambacho sisi tulikuwa tukikitazama kila siku bila kukiona: hewa ya moto inayotoka kwenye mashine ya kukaushia chai ilikuwa inatupwa nje, inawapasha joto ndege. Akaamuru liundwe sanduku kubwa kama chumba cha kulala, limejaa kuta nyembamba za bati zilizopangwa kama kurasa. Hewa chafu ya moto ingepita upande huu wa bati ikitoka, hewa safi ya baridi ingepita upande ule ikiingia darini, na joto lingevuka bati lenyewe. Feni moja inavuta, nyingine inasukuma, na zinapaswa kupimwa zisizidiane ovyo. Ile ya hewa safi iwe na nguvu kidogo zaidi, ili bati likitoboka, safi ivujie kwenye chafu, si chafu kuvujia kwenye safi. Alitueleza haya akiwa ameweka mkono juu ya bati kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Hewa hizi mbili, akasema, hazionani kamwe, zinapeana joto tu.

Mzee Ombasa alicheka mpaka akashika goti. "Basi hizi ni hewa za Kisii," akaniambia kwa lugha yetu. "Ni baba na mwanawe."

Ubaya wa sanduku ulikuwa manyoya. Chai ikikauka hutoa manyoya laini ya kahawia, na hewa ile ya moto ilikuwa na unyevu, kwa hiyo manyoya yaliganda kwenye kurasa za bati mpaka feni zikaanza kukoroma na nyuzi zangu nyekundu zote zikasimama wima kama zimesikia wimbo wa taifa. Kila Jumapili, siku isiyo na majani, ilibidi mtu aingie ndani kwa brashi na kisu cha bati, feni zimezimwa. Tanuru la mashine ya kukaushia halikuzimwa kabisa. Makaa yalifunikwa majivu, kwa sababu kuliwasha upya kulikula mafuta ambayo sanduku lilikuwa limeletwa kuyaokoa. Kwa hiyo ndani mlikuwa na joto la kuivisha ndizi, manyoya yale yaliwasha kama upupu, na hakuna nguo iliyovumilika. Aliyeingia alivua vyote. Meneja alikuwa ameweka sharti, na lilikuwa sharti zuri: vilango vyote vya nje viwe wazi ili moshi wa makaa usituame, na wawe watu wawili, mmoja ndani na mmoja mlangoni, macho yake yasimtoke mwenzake. Wafanyakazi wa sehemu ya upepo tulikuwa wawili. Unaona tulipofika.

Nilikwenda kumwambia meneja. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, nikatumwa. Nilisimama mbele ya meza yake nikazunguka, nikazunguka, maana hata kulitaja jambo lenyewe kwa mgeni ni nusu ya kulitenda, mwishowe nikasema kwamba mimi na Mzee Ombasa hatuwezi kusafisha pamoja, tafadhali Nyariki wa getini, ambaye ni rika lake, awe anakuja Jumapili. Akauliza kwa nini, kama tumegombana. Nikasema hapana, tunaheshimiana. Aliniangalia kwa muda kama mtu anayetafuta mahali mkanda ulipokatika. Kisha akacheka, si kwa ubaya, akasema getini hapawezi kubaki bila mtu, na kwamba ndani ya mashine hakuna baba wala mwana, kuna manyoya ya chai. Nilimwelewa. Kidato cha nne kilikuwa kimenifundisha kumwelewa. Ndiyo hasara ya kusoma kidogo: unaelewa pande zote mbili na huna nguvu ya kusogeza hata mmoja.

Basi tukatengeneza njia yetu. Tulitundika gunia mlangoni mwa sanduku. Aliye ndani alishika kamba, aliye nje akashika ncha ya pili, mgongo ameuelekeza kwenye gunia. Na aliye ndani aimbe. Wimbo ukisikika, mtu yu hai. Mzee Ombasa alikuwa Msabato na nyimbo hazikumwishia, akizivuta pole pole mle kwenye bati mpaka sanduku zima likawa kinanda. Kati ya wimbo na wimbo aliomba, na maombi yake yalikuwa marefu. Aliwapitia wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, na ng'ombe wao. Mimi nilitoka misa ya kwanza nikaja, na zamu yangu ya kuingia ilipofika sikuwa na sauti ya kuimba, kwa hiyo nilikariri niliyoyakumbuka ya fizikia, na siku nyingine nilitaja tu vyakula. Nje nilimsikia akicheka na kusema kwamba momura huyu, akifia humu, atafia kwenye mboga. Momura ni kijana, ni mwana. Hakuwahi kuniita jina langu. Tulifurahi sana na ujanja wetu. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, akasema ndivyo watu waliolelewa wanavyofanya.

Jumapili ile asubuhi ilikuwa safi. Zamu ilikuwa yake. Alikuwa katikati ya wimbo wake wa pili au wa tatu wakati mawingu yalipokuja kutoka upande wa vilima vya Manga, yakiwa na ule weusi wa kijani ambao mkulima wa chai akiuona huacha kijiko kwenye sahani. Mvua ya mawe. Mtu wa tambarare hawezi kujua. Ni mawe kweli, na dakika chache zinatosha kuvua shamba lako majani yote likabaki vijiti. Yalianza kugonga paa. Nilisikia wimbo ukikatika na sauti yake ikaja nyuma ya gunia, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu wa kazi.

"Funga vilango vya nje, momura. Mota zitalowa."

Ilikuwa kweli. Mota mpya, na vilango vilikuwa upande mvua ilikotoka. Ni baba aliyesema, na alisema jambo la maana. Hata meneja angelisema. Nikavifunga. Kisha mawe yakateremka yote kwa pamoja juu ya mabati, na kwa muda ambao sikuupima na siwezi kuupima hadi leo, hapakuwa na sauti nyingine duniani. Nilisimama na mgongo wangu. Nilivuta kamba kidogo nikaiona imekaza, nikafarijika, nikajua ameishika. Baadaye walikuta alikuwa ameifunga kwenye chuma cha ndani. Hakutaka siku moja nije nimvute kwa hofu za ujana atoke mbele yangu kama alivyozaliwa.

Mawe yalikoma ghafla, kama mtu aliyetupa kiganja cha mwisho. Nikangoja wimbo. Ilikuwa kimya, maji tu yakidondoka, na mimi nikajiambia anaomba. Ni lazima aombe. Chai yake ilikuwa juu ya kilima, imepigwa yote, angewezaje kutoomba? Na mtu hamkatizi babake akiomba. Nikangoja apitie shamba lake, apitie mashamba ya majirani, apitie la kwetu. Nikaita kwa sauti ndogo, "Tata." Nikaita tena. Gunia lilikuwa pale, limening'inia, nina uhakika ningeweza kulifikia bila kuunyoosha mkono wote. Harufu ya makaa ilikuwa imeanza kutoka chini yake. Niliijua ile harufu. Na miguu yangu ya korongo, iliyochekwa dari nzima, iligeuka ikakimbia, si kwenye gunia, bali getini, juu ya mawe yanayoteleza, kumwita Nyariki, kwa sababu Nyariki ni rika lake na macho ya Nyariki yaliruhusiwa.

Alikuja. Aliingia, na kabla ya kuniita nisaidie kubeba, nilimsikia akilichana lile gunia kutoka mlangoni amfunike. Sikumwona uchi. Nataka ijulikane, kwa kuwa watu wa kwetu watauliza. Tulimlaza kwenye nyasi zilizojaa barafu, na uso wake ulikuwa mwekundu mzuri kama wa mtu aliyetoka kuota moto. Alikuwa anapumua. Meneja alifika na viatu vyake vikapata tope. Alinishika mabega, akaniuliza mara mbili, tatu, kwa nini sikutazama. Tulikuwa tumeshayaongea hayo ofisini kwake.

Lori la kiwanda lilimpeleka hospitali, na baada ya wiki kadhaa likamrudisha. Alitembea akishikwa mkono. Alikula akilishwa. Jina la mkewe hakulijua, na wimbo hata mmoja hakuukumbuka. Walimwimbia kanisa zima, akawaangalia kama anayesubiri waondoke. Sanduku liliendelea kufanya kazi, lilipewa vijana wawili wa rika moja, na nasikia chai ya mwaka huo ilisifiwa. Mimi niliacha kazi. Nilirudi nyumbani, mahali ambapo sikuwa nimeondoka, nikapanda chai yangu nikawa nawauzia majani wale wale. Sijaenda mbali na Ikonge tangu hapo. Watu hudhani ni uvivu, na sehemu kubwa wako sahihi.

Nilikuwa nikipita kwa Mama Kerubo na mkungu wa ndizi, au sukari, naketi naye jikoni. Mzee alikuwa chumba cha pili. Kuna siku alijichafua, na mama yule mwembamba akawa anahangaika kumgeuza peke yake, ninasikia kitanda kikilia na yeye akihema. Nilikuwa na mikono miwili yenye nguvu. Niliketi jikoni na mikono yangu. Ningeweza kuvuka ule mlango kama vile ningeweza kuruka juu ya Manga. Akatoka na beseni, akalimwaga nje, akanawa, akanimiminia uji kana kwamba mimi ndiye ninayemdai samahani. Ndipo akaniambia maneno ambayo kwake yalikuwa zawadi, na kwangu yamekuwa jiwe nililobeba hadi kaburini kwake juzi.

"Ulifanya vizuri kutomtazama, mwanangu. Angejua, angekufa kwa aibu."

Nilikunywa uji. Ulikuwa mtamu. Mzee alikaa hivyo mpaka mwaka mwanangu wa kwanza alipoanza shule, ndipo akafariki.

Mwanangu huyo sasa ana mvi nyingi kuliko mimi. Mwaka jana mguu wangu wa kulia ulianza kunidharau, na mama yao alishatangulia, kwa hiyo yeye ndiye anayenipasha maji na kunishika mkono hadi bafuni. Bafu letu ni la mabati, nyuma ya nyumba, na mlango wake, mtasema nimebuni, ni gunia. Ananifikisha, anaweka beseni, anatoka, anageuza mgongo. Mara ya kwanza alikohoa kohoa huko nje, kisha akasema, "Tata, uwe unaimba, ili nijue hujaanguka." Nilicheka mpaka nikameza sabuni, na hakujua kwa nini. Basi huwa naimba. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa naimba nyimbo za Wasabato, kwa sababu ndizo nilizozisikia nikiwa nimegeuza mgongo, na najua zote mpaka mwisho, isipokuwa ule mmoja uliokatizwa na mvua ya mawe.

Siku ile tuliyotoka kumzika Mama Kerubo nilifika kwenye ule mmoja nikanyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilikaa kwenye kigoda na maji yananitiririka, nikitazama gunia, nikitaka kujua. Nilisikia akingoja. Nilisikia matone ya paa. Akaita kwa sauti ndogo, "Tata." Akaita tena. Kivuli cha mkono wake kilikuja kwenye gunia, kikakaa, vidole vyote vitano, nami nikakiangalia, nikawa namwomba moyoni kama sijawahi kumwomba mtu, lakini sikutoa sauti. Kisha kivuli kikaondoka, na nikasikia gamubuti zake zikikimbia juu ya tope kuelekea kwa jirani, ambaye ni rika langu.

Nikaanza kuimba kwa nguvu, ili arudi. Alikuwa ameshafika mbali.